Maji Yaliyoishia Nyumba ya Nne

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za stoo, nikatia sahihi, nikaenda nyumbani. Ninyi vijana wa karakana mmeniomba niandike yale niliyokuwa nikiwaambia wakati wa chai, kwa sababu mnasema nusu yake mmeshasahau. Sawa. Nilipandishwa cheo lini na nani alinipandisha, hayo sitaandika. Yako kwenye faili ofisini, na hayajawahi kufungua mfereji wa mtu yeyote. Nitaandika juu ya maji yanayotoka kidogo, maana hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kuliko nyingine yoyote. Mfereji unaovuja hata mgeni anauona. Mfereji unaotoa maji membamba kama uzi unakutaka ufikirie kabla ya kushika spana.

Niliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitoka chuo cha ufundi kule kwetu Seme. Kampuni ilikuwa na nyumba za wafanyakazi Kisumu, upande wa kuelekea ziwani, na karakana ya ukarabati yenye mafundi saba. Mimi nikawa wa nane, na mwanamke wa kwanza. Watu wengi hungoja nieleze sana jambo hilo. Nitaeleza kwa kifupi: hapakuwa na choo changu, na ovaroli niliyopewa ilikuwa ya mtu mwenye tumbo. Choo kilipatikana baada ya miezi minne. Ovaroli niliipunguza mwenyewe.

Nilikabidhiwa kwa Mzee Barasa. Alikuwa mtu wa Port Victoria, mrefu, mpole wa maneno, na alikuwa ameshika paipu tangu kabla sijazaliwa. Hakuniuliza kwa nini msichana anataka kazi hii. Aliniuliza kama najua kukata uzi wa paipu, ile mikato ya kuungia mwishoni mwake, kwa mkono. Nikasema najua. Akanipa kipande cha paipu, akaangalia, akasema, "Hujui, lakini hauko mbali."

Siku ya kwanza alinituma peke yangu kwa mama mmoja mwalimu ambaye mfereji wake wa jikoni ulikuwa ukidondoka. Kiraba cha ndani, ile washa, kilikuwa kimekwisha, na stoo haikuwa na kipimo chake. Nikakata kingine kutoka kwenye patipati kuukuu, ndala ya raba. Mfereji ukaacha kudondoka, nikarudi kifua mbele. Kesho yake mwalimu alikuja karakana mwenyewe. Maji yalikuwa yanatoka kiasi cha kulowesha kijiko.

Mzee Barasa alikwenda nami. Aliufungua mfereji, akakitoa kile kiraba na kukiweka kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimefura kama mandazi. "Raba ya patipati ni ya kukanyaga matope," alisema. "Ndani ya mfereji inakunywa maji inavimba, inaziba njia. Umemkomesha mama kudondoka, ukamkomesha na kupika."

Mwalimu alicheka, mimi sikucheka. Lakini tangu siku ile sijaweka kiraba ambacho sijui kimetengenezwa na nini.

Alinifunza kuuliza kabla ya kufungua. Ni mfereji mmoja tu au nyumba nzima? Kama ni mmoja, ugonjwa uko mdomoni au shingoni mwake: kichujio kimejaa mchanga, kiraba kimevimba, au kutu imedondoka kutoka kwenye paipu ikanasa. Kama ni nyumba nzima, usiguse mfereji wowote, anzia koki ya kuingilia. Kama ni jirani pia, toka nje kabisa. Halafu uliza yalipungua ghafla au polepole. Polepole ni kutu: zile paipu za chuma za zamani zinaota ndani, na paipu ya nusu inchi inabaki na tundu la kupitisha penseli. Ghafla ni kitu kimenasa, au mtu amegusa kitu. Mkijua majibu ya maswali hayo, nusu ya kazi imeisha na viatu vyenu bado vikavu.

Alikuwa na njia yake ya kusikiliza. Aliweka ncha ya bisibisi kwenye paipu na mpini wake kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Maji yanayopita mahali pembamba yanalia tofauti na yanayopita pa wazi. Ilinichukua mwaka mzima kusikia tofauti hiyo, na mwaka huo wote nilikuwa nikiitikia kwa kichwa kana kwamba nasikia.

Jumapili baada ya kanisa alinipeleka soko la Kibuye, kwenye mafungu ya vyuma vikuukuu, kutafuta mifereji ya shaba ya zamani. Aliipima kwa mkono. Mzito aliuchukua, mwepesi aliurudisha hata kama unang'aa. Muuzaji mmoja aliwahi kumwambia, "Mzee, huu ni mpya kabisa." Barasa akamjibu, "Ndiyo shida yake."

Baadaye nilitumwa Muhoroni miezi michache, kwenye nyumba zetu zilizokuwa zikitumia maji ya kisima kirefu. Huko adui hakuwa kutu. Vichujio vilikuwa vimeshika ukoko mweupe mgumu kama sufuria ya uji iliyosahauliwa. Fundi aliyenitangulia alikuwa akiukwangua kwa msumari, na vichujio vyote vilikuwa na matundu ya msumari. Nililoweka vyangu kwenye siki tangu asubuhi mpaka saa za chakula, ukoko ukatoka wenyewe kwa mswaki. Pale ndipo nilipoanza kujiona fundi. Nilirudi Kisumu nikitembea katikati ya barabara, kama wasemavyo.

Sasa niwaeleze habari ya ile safu ya nyumba nane, maana hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nikubali kuandika.

Nyumba hizo zilikuwa zimepangwa moja baada ya nyingine, zikinywa kutoka paipu moja iliyopita nyuma yake, kuanzia ya kwanza. Kati ya nyumba ya nne na ya tano kulikuwa na koki kubwa ya gurudumu. Ukizungusha gurudumu, kibao cha shaba kinashuka ndani ya koki na kuzuia maji. Ukirudisha, kibao kinapanda na maji yanapita. Iliwekwa ili paipu ikipasuka huku chini, nyumba za juu zisikose maji.

Msimu mmoja paipu ilipasuka nyumba ya sita. Nilikwenda kuifunga ile koki, gurudumu likakataa. Ng'ambo ya pili kulikuwa na wanaume watano wa kuchimba mitaro, wamepumzika. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Nyar Seme, ngoja tukuitie mwanamume." Nyar Seme ni binti wa Seme, ndivyo walivyoniita. Mzee Barasa alikuwa amenionya zaidi ya mara moja: koki ya gurudumu hufungwa kwa mkono, ikikataa tia mafuta, ngoja, jaribu tena, nenda na kurudi kidogo kidogo. Nililijua hilo vizuri. Lakini nilichukua spana ya paipu, nikaibana kwenye gurudumu, nikaivuta kwa uzito wangu wote. Ndani kulitoka mlio mdogo, tak. Koki ikafunga. Wanaume wakaokota koleo zao. Nilitengeneza nyumba ya sita, nikaifungua koki, maji yakapita. Ule mlio niliuacha pale pale nilipousikia.

Baada ya mwaka hivi, kiangazi, malalamiko yalianza. Nyumba ya tano mpaka ya nane maji yalikuwa yanapungua. Wiki baada ya wiki yakapungua zaidi, mpaka akina mama wakawa wanapanga ndoo kwenye mfereji wa uani wa nyumba ya tatu tangu alfajiri. Mama Nekesa wa nyumba ya sita alikuwa na mtoto mchanga na nepi za kufua, na ndiye aliyesema kwa sauti yale ambayo wengine waliyasema jikoni: "Maji yanafika nyumba ya nne, hapo yanaisha. Na angalieni sukuma wiki ya nyumba ya nne."

Nyumba ya nne alikaa Bwana Ouma, karani wa mizani kwenye ghala letu, na mkewe Mama Adhiambo na watoto watano. Ni kweli, kila bustani mtaani ilikuwa imekauka, na yao ilikuwa kijani.

Mzee Barasa alikuwa amekwenda nyumbani kwao kumzika kaka yake, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilifungua mifereji ya nyumba zote nne. Ilikuwa safi. Nilikwenda kwenye koki, nikazungusha gurudumu kwa mkono. Lilikuwa wazi mpaka mwisho. Nikasema moyoni, koki ni nzima. Nyumba ya nne, maji tele. Basi nikajumlisha kama vile Mama Nekesa alivyojumlisha, isipokuwa mimi nilikuwa na kitabu cha kazi na saini. Niliandika: "Dalili zote zaonyesha mpangaji wa nyumba ya nne ameunganisha paipu ya siri kwenye laini kuu."

Meneja wa nyumba hakuuliza zaidi. Sheria ya kampuni ilikuwa wazi: anayeiba maji anahama. Bwana Ouma alipewa notisi ya siku thelathini. Alikwenda ofisini kujitetea, akasomewa maandishi yangu. Mtaani watu waliacha kuwasalimu. Asubuhi moja familia iliamka ikakuta sukuma yote imeng'olewa na kulazwa kwa mstari, mizizi juu.

Siku hiyo Mama Adhiambo alikuja karakana. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na alisimama mlangoni mpaka nilipomkaribisha. Hakukaa.

"Fundi," alisema, "ile paipu ya siri, uliiona na macho yako?"

"Mama, dalili zilikuwa..."

"Sikuulizi dalili. Uliiona?"

"Sikuiona."

"Ile mboga nainyweshea maji ya kuoga watoto na ya kuosha vyombo. Kila asubuhi natoa na karai. Watoto wangu watano, wote wanaoga. Ungekuja kuniuliza ningekuonyesha karai." Alikaza leso yake. "Mzee wangu hali chakula tangu wiki jana. Anasema akihama kama mwizi hataweza kurudi kwenye ile mizani, kwa sababu nani atamwamini kupima? Mimi nimekuja kukuomba kitu kimoja tu. Njoo uchimbe. Ukiiona, tutahama kabla ya siku kuisha."

Nimewahi kugombezwa na mabwana wakubwa na sikutikisika. Yule mama hakupandisha sauti hata kidogo, na nilishindwa kumtazama.

Mzee Barasa alirudi kesho yake. Nilimweleza yote, nikampa kitabu asome. Alisoma mara mbili, akakifunga. "Twende tukachimbe," alisema.

Tulichimba mchana kweupe, nyuma ya nyumba ya nne, na majirani walitoka wakajipanga kando kama watu wa harambee. Tuliifuata paipu kutoka mwanzo wa kiwanja mpaka mwisho. Hapakuwa na kiungo cha siri. Hapakuwa na hata alama ya kilichowahi kuwapo. Bwana Ouma alisimama kwenye mlango wa nyuma na shati lake la kazini.

Tulifika kwenye koki. Mzee Barasa aliweka bisibisi yake sikioni, akasikiliza juu ya koki, halafu chini ya koki. Akanipa. Juu maji yalikuwa yakinguruma. Chini yalikuwa yakipiga mluzi, kama mtu anayepumua kwa pua iliyoziba.

"Gurudumu liko wazi," nilisema.

"Gurudumu liko wazi," alikubali. "Tuangalie kibao."

Tulifunga maji kule mwanzo wa safu, nikafungua kifuniko cha koki. Shina, ile fimbo inayobeba kibao, lilitoka peke yake. Kibao kilibaki chini, kimekaa kwenye njia ya maji karibu yote. Kilikuwa kimekatika pale kinaposhikana na shina. Ufa wenyewe ulikuwa na sehemu mbili: moja nyeusi ya zamani, nyingine bado inang'aa, ya juzi juzi. Maana yake kilipasuka kwanza nusu, kikaendelea kufanya kazi kikiwa na jeraha, halafu kikaachia na kushuka kidogo kidogo. Ukizungusha gurudumu, unazungusha shina tupu.

Na kwenye ukingo wa gurudumu kulikuwa na meno. Safu mbili za meno ya spana ya paipu, kila safu upande wake. Niliyajua kama ninavyoyajua maandishi yangu. Ule mlio ukanirudia, tak, na wale wanaume watano ng'ambo.

Mzee Barasa alipitisha kidole juu ya yale meno. Alinitazama. Alijua ni spana ya nani, kwani ndiye aliyeniazima. Majirani hawakujua kitu. Kwao hiyo ilikuwa koki iliyozeeka, na koki huzeeka. Alisema polepole, kwa sauti ya kunifikia mimi tu, "Binti, kibao kipya kipo stoo. Hayo mengine ni yako." Akaenda kukileta, ingawa siku zote mimi ndiye niliyetumwa stoo.

Nilibaki pale na watu wote. Nitakuwa mkweli: nilifikiria. Nilikuwa mwanamke peke yangu katika ile karakana, na nilijua watakachosema. Watasema kwa miaka. Halafu nikainua macho nikamwona Bwana Ouma pale mlangoni, na nikakumbuka kwamba yeye pia alijua watakachosema kwa miaka.

Nikasimama. "Hakuna aliyeiba maji," nilisema. "Koki hii ilivunjika ndani. Niliivunja mimi mwaka jana, niliilazimisha na spana nilipoambiwa siwezi. Halafu nikaandika kwamba Bwana Ouma ni mwizi. Niliandika kitu ambacho sikukiona."

Mama Nekesa aliniuliza, "Kwa hiyo yale maji..."

"Yalikuwa hapa, yanangoja nyuma ya kibao."

Bwana Ouma aliingia ndani na kufunga mlango, taratibu.

Tulibadilisha kibao kabla ya saa tisa. Nyumba ya nane maji yalitoka kwanza na kutu, mekundu kama chai ya rangi, halafu yakatakata, na mtoto fulani akaacha mfereji wazi kwa furaha mpaka Mzee Barasa akaenda kuufunga mwenyewe.

Jioni ile ile nilikwenda kwa meneja na kitabu. Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima. Alisoma akasonya. Yeye ndiye aliyetia sahihi notisi, na hakupenda ukurasa huo hata kidogo.

"Andika koki ilikuwa imezeeka," alisema. "Notisi nitaiondoa. Kila mtu anaenda nyumbani."

"Bwana Meneja, haikuwa imezeeka."

"Unajua nitalazimika kukuadhibu?"

"Najua."

Aliniondoa kwenye mifereji akaniweka kwenye mitaro ya maji machafu miezi miwili. Wale wanaume watano ndio waliokuwa wenzangu wa kazi huko. Siku ya kwanza yule aliyetaka kuniitia mwanamume alinipa koleo lililo bora kuliko lake, na hatukuzungumza juu ya jambo lile. Notisi iliondolewa, na barua ya kumsafisha Bwana Ouma ilibandikwa kwenye ubao wa ghala, kwa sababu nilikataa kutoka ofisini mpaka iandikwe.

Mama Nekesa hakuomba msamaha kwa maneno. Nilimwona Jumamosi moja amekwenda nyumba ya nne na mtoto mgongoni na miche ya sukuma kwenye gazeti lililoloweshwa. Mama Adhiambo aliipokea, akasema asante, akaanza kuipanda pale pale, na Mama Nekesa akachuchumaa akamsaidia. Ni nani aliyeing'oa ile ya kwanza, haikujulikana, na mimi sikuwahi kuuliza.

Mzee Barasa alistaafu miaka michache baadaye, akarudi kwao. Mimi nilishika nafasi yake. Miaka ya tisini magugu yalipojaa ziwani, maji ya mifereji yalikuja na vipande vya majani na tope laini, na kila wiki tulikuwa tukifungua vichujio vya mtaa mzima. Nilichagua kuipitia ile safu ya nyumba nane mimi mwenyewe.

Nyumba ya nne Bwana Ouma alinipokea vizuri kila mara. Alinisalimu, aliniulizia watoto, Mama Adhiambo alileta chai. Lakini ingawa mafundi wengine, wa umeme au wa mbao, aliwaacha wafanye kazi yao akaenda zake kusikiliza redio, mimi hakuniacha. Alivuta kigoda akakaa karibu na sinki, akaangalia mikono yangu tangu nifungue mfereji mpaka nifunge boksi la vyombo. Miaka kumi na mmoja, kila nilipoingia jikoni mle, alivuta kile kigoda. Sikuwahi kumwambia aende akapumzike. Nilimwekea mwanga mahali pazuri ili aone, na nilifanya kazi.